Kilichoachwa Si Kilichotupwa: Mbao za Jahazi na Chupa za Divai



Juma hili tumekusudia kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza litaonekana dogo, hata la kidunia mno. Ni habari ya rafu za divai za kutundika ukutani, zinazotengenezwa kwa mbao za majahazi na mashua zilizokwisha kazi yake baharini. Katika miezi hii tumeulizwa juu yake si mara moja wala mara mbili. Wako watoto wanaotaka kuwapa wazazi wao zawadi ya namna hiyo siku ya jubilei ya ndoa. Wako vijana wa jumuiya ndogo ndogo, wenye ujuzi wa useremala na wasio na ajira, wanaotaka kuzitengeneza wapate kuziuza katika nyumba za wageni za Pangani na Ushongo. Yuko msakristani wa kigango aliyeuliza kama rafu hiyo yafaa kuhifadhia divai ya Misa. Na wako waliosema, kwa uchungu kidogo, kwamba haifai kabisa Mkristo kutundika chupa ukutani, na kwamba mbao za chombo cha baharini zingeachwa zioze kwa heshima pale zilipo.

Maoni yetu tunayasema mapema, ili msomaji asihangaike kuyatafuta. Kazi hii ni njema, na tunawatia moyo wanaoifanya. Lakini ina sharti lake: mtengenezaji na mnunuzi wakumbuke kwamba kilichoachwa si kilichotupwa. Ubao uliolala mchangani una mwenyewe. Una fundi aliyeuchonga, na utakuwa na fundi atakayeuchonga tena. Ukishatundikwa ukutani, utakaa mbele ya macho ya jirani. Mwenye chombo, fundi na jirani wana haki zao juu ya ubao ule. Rafu inayozitimiza haki hizo ni pambo la haki. Inayozivunja, hata ing'ae namna gani, imesimikwa juu ya dhuluma.

Pwani yetu na mapambo ya ukutani

Wapo wanaodhani kwamba kutundika au kupachika vyombo ukutani ni mtindo wa kigeni tulioletewa na picha za magazeti. Sivyo. Mtu akisafiri takriban kilomita 20 kusini mwa jiji la Tanga atafika Tongoni, penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Wazee wa mji ule, katika karne ya 14 na ya 15, walipamba makaburi ya wakubwa wao kwa vyombo vya kaure vilivyotoka ng'ambo, wakavipachika ndani ya kuta. Huko Lamu na Pate, nyumba za mawe za karne ya 18 zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa kwa ustadi katika chokaa ya ukuta, safu juu ya safu, vya kuwekea vyombo vya thamani. Mpwani, tangu zamani, amejua kwamba ukuta mtupu hauna maneno, na kwamba chombo kizuri kilichowekwa mahali pake humkaribisha mgeni kabla mwenyeji hajafungua kinywa.

Hata habari ya kuokoa kitu katika chombo kilichokwisha kazi si ngeni hapa kwetu. Mnamo Januari 1499, Vasco da Gama alipokuwa akirudi kutoka India, mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, asiwe na watu wa kutosha kuendesha merikebu tatu. Karibu na Mtangata, ndilo jina la zamani la Tongoni, aliamuru merikebu São Rafael ichomwe moto, baada ya vilivyomo kuhamishiwa katika zile mbili zilizobaki. Sanamu ya mbao ya Malaika Mkuu Rafaeli iliokolewa, na hadi leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya bahari mjini Lisbon. Hatumtaji nahodha huyo kwa kumtukuza, maana pwani hii ina kumbukumbu chungu za Wareno. Tunaitaja habari hiyo kwa sababu ilitokea katika maji yetu wenyewe, na inatuonyesha kwamba watu waliochoka, wagonjwa, wenye haraka ya kufika kwao, walichagua kubeba kipande cha mbao kwa ajili ya maana iliyokuwa ndani yake.

Na katika siku zetu, mafundi wa Lamu wakiongozwa na fundi Ali Skanda walishusha majini mwaka 2018 jahazi la urefu wa mita 9 liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki chakavu na kuvikwa vipande vya rangi vya kandambili zilizookotwa ufukoni. Mwaka 2019 chombo hicho kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Huko takataka ziligeuka chombo. Hapa tunazungumzia chombo kinachogeuka kitu kingine. Njia hizo mbili zinakutana katika fikra moja: kwamba mikono ya fundi haikubali upesi neno la kwamba kitu fulani hakifai tena. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Haki ya mwenye chombo

Tuanze na haki iliyo ngumu kuliko zote. Mashua iliyolala ufukoni msimu mzima wa kusi, mbao zake zimepauka na kalafati yake imetoka, humwonekea mpita njia kama mzoga usio na mwenyewe. Lakini wavuvi wanajua kwamba mara nyingi sivyo. Huenda mwenye mashua anangoja fedha ya pamba, mafuta na misumari. Huenda amefariki, na warithi wake, mmoja yupo Moa, mwingine Kipumbwi, mwingine Dar es Salaam, hawajakubaliana. Huenda ni ya watu watatu walioshirikiana kuiunda, na mmoja tu kati yao ndiye anayekaa karibu. Sasa anakuja mnunuzi mwenye fedha mkononi, anamkuta kijana aliyeketi kivulini, anampa chochote, na jioni ileile mbao kumi zimeondoka. Mashua iliyong'olewa mbao kumi haitarudi baharini tena. Siku ile ndiyo iliyokufa, nayo haikufa kwa uzee.

Ndugu wapendwa, hapa ndipo penye hatari ambayo hatuna budi kuisema wazi. Siku ambayo mbao za mashua zitakuwa na bei kubwa sokoni kuliko mashua yenyewe, mashua zitaanza kufa kabla ya wakati wake. Familia inayokula kwa chombo kile haiwezi kula rafu iliyotundikwa katika ukumbi wa hoteli. Kwa hiyo vijana wetu wanaotaka kuifanya kazi hii wafuate utaratibu rahisi. Wamtafute mwenye chombo, si aliyekuwa karibu na chombo. Waulize kwa wazee wa ufuko na kwa viongozi wa BMU wa mahali pale. Waandikiane hati fupi yenye majina, tarehe, idadi ya mbao na kiasi kilicholipwa, na hati hiyo ishuhudiwe na uongozi wa kijiji au mtaa. Mali bila daftari huisha bila habari. Na mali iliyopatikana bila daftari huweza kuleta habari mbaya mlangoni.

Tuongeze jambo la vyuma. Baadhi ya mafundi hupenda kutumia chuma cha zamani kwa kushikilia rafu, na tumesikia pini za reli zikisifiwa kwa uimara na sura yake. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na mtu angeweza kudhani kwamba chuma chenye umri huo ni kumbukumbu ya kuokotwa tu. Siyo. Reli ile ni mali ya umma, na pini moja iliyong'olewa ni hatari kwa maisha ya watu. Asiyeweza kuonyesha chuma chake kimenunuliwa wapi, asikipigilie ukutani, wala sisi tusikinunue. Amri ya saba haina msamaha maalumu kwa vyuma chakavu. Mhunzi wa mjini anaweza kutengeneza kishikio kizuri kwa ujira wa halali, naye pia ana watoto.

Haki ya fundi

Haki ya pili ni ya fundi. Tumesikia hoja kwamba kwa kuwa mbao ni ya zamani, rafu haina budi kuwa rahisi. Hoja hiyo inatoka kwa mtu ambaye hajawahi kushika ubao wa jahazi. Mbao mpya hutoka dukani ikiwa imenyooka, kavu na safi. Ubao wa jahazi huja na chumvi, misumari ya chuma iliyoliwa na kutu, mabaki ya deheni na rangi tabaka juu ya tabaka. Kazi kubwa haipo katika kuunganisha rafu, bali katika kuuandaa ubao. Kwa hiyo malipo ya fundi yasipunguzwe kwa kisingizio cha kuokota. Haki ingetaka yaongezwe.

Kuna na jambo la heshima. Mbao zile zilichaguliwa na watu waliojua. Walichukua mvule, mtondoo, msaji na miti mingine kwa sababu walijua upi unavumilia maji na upi unashika msumari. Mataruma, yaani mbavu za chombo, waliyatafuta katika matawi yaliyopinda yenyewe mwituni, kwa kuwa tawi lililopinda kwa kukua lina nguvu kuliko ubao ulionyooka ukakatwa ili upinde. Fundi wa leo anayelitumia taruma kama kishikio cha rafu, bila kulinyoosha, anaendeleza hekima ileile. Na anayeuza rafu hiyo awaambie wanunuzi habari hizo kwa ukweli. Asibuni hadithi za maharamia na hazina. Kama jina la chombo linajulikana, aliandike nyuma ya rafu pamoja na mahali kilipofanya kazi. Kama halijulikani, aache hivyo.

Namna ya kuitengeneza

Kwa kuwa wengi wametuuliza jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, tutaeleza kadiri tulivyoelekezwa na mafundi, kwa manufaa ya wale watakaojaribu nyumbani.

Kwanza, kuchagua. Gonga ubao kwa nyundo. Unaolia sauti kavu na nzito una uhai, unaotoa sauti ya utupu umeliwa ndani. Matundu madogo ya mviringo ni kazi ya mdudu wa baharini, ambaye kwa asili ni jamaa ya chaza, naye hufa akitolewa majini. Matundu hayo ni pambo, mradi yasiwe mengi pale panapobeba uzito. Lakini vumbi jipya linalomwagika kama unga ni dalili ya mdudu wa nchi kavu, na huyo yungali hai. Ubao wa namna hiyo usiingizwe ndani ya nyumba.

Pili, rangi. Rangi za zamani za vyombo huweza kuwa na madini ya risasi, na zile zinazopakwa chini ya chombo huwa na sumu ya kuzuia viumbe vya baharini visishike. Kwa hiyo mbao za tumboni mwa chombo, zilizokuwa zikikaa majini, tunashauri zisitumiwe kabisa kwa rafu ya nyumbani. Za juu zitumiwe, lakini zisipigwe msasa mkavu ndani ya nyumba wala mbele ya watoto. Fundi afunike pua na kinywa kwa barakoa nzuri, aloweshe ubao, akwangue rangi inayobanduka, na makwangio ayakusanye katika karatasi, asiyaache yapeperuke shambani kwa mama wa jirani. Rangi iliyoshika imara yaweza kubaki na kufunikwa kwa vanishi; wengi wanaipenda hivyo, na ni salama zaidi kuliko kuisugua.

Tatu, chumvi na misumari. Ubao uoshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, tena na tena kwa siku kadhaa, kisha ukaushwe kivulini kwa majuma, si juani, maana jua la Tanga hupasua. Chumvi ikibaki, ubao utavuta unyevu kila msimu wa mvua na kutoa jasho ukutani. Misumari yote ing'olewe kabla ya msumeno au randa kupita, la sivyo kitaharibika chombo cha kazi na huenda na jicho la mtu. Weusi unaobaki kuzunguka tundu la msumari ni alama ya chuma na utomvu wa mti kukutana. Hautoki kwa urahisi, na hauna haja ya kutoka.

Nne, vipimo. Chupa ya kawaida ya divai hubeba mililita 750. Urefu wake ni kama sentimita 30, unene wa tumbo sentimita 7.5 hivi, na shingo kama sentimita 3. Rafu iliyo rahisi kuliko zote ina vishikio viwili vya pembeni vilivyosimama ukutani, kati yake vipande viwili vya ubao vilivyolala: kimoja cha nyuma, kiasi cha sentimita 5 kutoka ukutani, na kingine cha mbele, sentimita 20 zaidi. Cha nyuma kichongwe mapengo ya nusu duara yenye upana wa sentimita 8 hadi 8.5, ya kupokea tumbo la chupa. Cha mbele kichongwe mapengo ya sentimita 3.5 hadi 4, ya kupokea shingo. Kati ya katikati ya pengo moja na jingine ziwepo sentimita 12, ili chupa zisigongane. Na hapa ndipo wengi wanapopotea: kwa kuwa shingo ni nyembamba kuliko tumbo, vitako vya mapengo ya mbele viwe juu kuliko vya nyuma kwa sentimita 2 na kidogo. Hapo chupa italala sawasawa. Pimamaji ithibitishe.

Tano, ukuta. Chupa iliyojaa ina uzito wa kati ya kilo 1.2 na 1.5. Chupa kumi zinakaribia kilo 15, na mbao ngumu za rafu nazo zina uzito wake, tena mzigo wote umejitokeza mbele ya ukuta na kuuvuta. Ukuta wa matofali ya saruji utaushika kwa skrubu ndefu na plagi zake, nne au zaidi. Ukuta wa nyumba za kale za Pangani na Tanga, wa mawe ya matumbawe na chokaa, ni jambo jingine: chokaa hubomoka, na plagi hutoka nayo. Huko fundi atafute jiwe lenyewe kwa keekee, au vishikio vishuke hadi sakafuni ili uzito ubebwe na ardhi, na skrubu zizuie kuanguka tu. Ukuta wa fito na udongo usibebeshwe rafu hii hata kidogo.

Sita, mahali. Divai inayozibwa kwa kizibo cha gome la mti hulazwa ili kizibo kibaki na unyevu. Kikikauka husinyaa, hewa ikaingia, na divai ikageuka siki. Yenye mfuniko wa kusokota haina haja hiyo. Lakini aina zote mbili zinaogopa joto, mwanga na mtikisiko. Divai hupenda ubaridi wa nyuzi 12 hadi 15. Huku kwetu, miezi ya kaskazi hupita nyuzi 30 mchana. Basi rafu isiwekwe katika ukuta unaopigwa na jua la alasiri, wala karibu na jiko, wala mkabala na dirisha. Na hata hapo, tusijidanganye. Katika pwani hii rafu ya ukutani ni ya chupa chache zitakazonywewa mapema. Si ghala la kuzeeshea divai kwa miaka. Anayetundika chupa ishirini ili wageni wazihesabu atakuja kuwapa siki.

Haki ya jirani

Haki ya tatu ni ya jirani. Tunaishi pwani ambako majirani zetu wengi, na mara nyingi ndugu zetu wa damu, ni Waislamu. Wanakuja katika misiba yetu, nasi tunakwenda katika ya kwao. Watoto wetu wanacheza uwanja mmoja. Kanisa halifundishi kwamba divai ni haramu, na hatuombi mtu aone haya kwa imani yake. Lakini uhuru wetu una adabu yake. Rafu ya divai isiwekwe barazani, ambako kila apitaye kutoka sala ya alasiri ataisalimu kwanza kabla ya kumsalimu mwenye nyumba. Ikae ndani, katika chumba cha kulia. Jirani anapoalikwa, na hasa wakati wa mwezi wa Ramadhani anapokuja kutazama mgonjwa au kuleta futari, si dhambi wala unafiki kuitandika kitambaa. Ni ukarimu. Mwenyeji mwema hupanga nyumba yake kwa kumfikiria anayeingia.

Na jirani aliye karibu zaidi yumo ndani ya nyumba yenyewe. Tunafahamu familia zinazobeba msalaba wa ulevi: baba aliyeacha kwa taabu, kijana anayeanza kuteleza. Katika nyumba ya namna hiyo, rafu ya chupa ni mtego uliopambwa. Kwa hao tunasema bila kusitasita: msiitundike, au itundikeni kwa kazi nyingine. Mapengo yaleyale yatabeba chupa za asali, mafuta ya nazi au sharubati ya ukwaju, na ubao wa jahazi hautapungua uzuri. Wala tusiseme kwamba divai ya chupa ni ya kistaarabu na haileweshi kama tembo la mnazi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; na mlevi akisifiwa kwa glasi yake nzuri hulitia giza jina la nyumba yake.

Divai ya altare

Tumjibu sasa msakristani wetu. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 924, inataka divai ya Misa iwe ya asili, iliyotokana na tunda la mzabibu, na isiyoharibika. Maagizo yaliyotolewa na Roma mwaka 2004 juu ya mambo ya kushika na kuepuka kuhusu Ekaristi yalikazia uangalifu katika kuitunza, isije ikachachuka. Kwa parokia ya pwani, maneno hayo si ya kinadharia. Sehemu kubwa ya divai tunayoifahamu katika nchi yetu hutoka Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walitangulia kupanda mizabibu, na ambako leo wakulima wa sehemu kama Hombolo na Makutupora huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Divai hiyo hutoka katika nchi kavu ya bara, hupita njia ndefu ndani ya magari yenye joto, hufika kwetu katika unyevu wa bahari, halafu hupelekwa vigangoni ambako hakuna jokofu. Kuiweka juu ya dirisha la sakristia, kama tunavyoona mahali pengine, ni kuiharibu kwa mikono yetu.

Kwa hiyo jibu letu ni ndiyo: rafu ndogo ya chupa tatu au nne yafaa sana katika sakristia ya kigango, ikiwa upande wa ukuta wenye kivuli, ndani ya kabati linalofungwa kwa ufunguo. Pale haina haja ya kuonekana na watu. Chupa iliyofunguliwa isirudishwe humo kungoja mwezi mzima. Inunuliwe chupa ndogo, au ihifadhiwe parokiani penye jokofu na kupelekwa kiasi kinachotosha. Nasi tungefurahi kuona rafu hiyo ikitengenezwa na kijana wa kigango kilekile, kwa ubao ambao mwenyewe ameutoa kwa hiari na jina lake limeandikwa katika daftari la kigango.

Neno la mwisho

Wapo watakaouliza kama haya yote si anasa, wakati wapo wasio na paa. Swali hilo ni la haki, na kila mmoja alijibu kwa kutazama mfuko wake na mlango wa jirani yake. Sisi tunaona kwamba rafu moja iliyompa mvuvi mzee thamani ya mwisho ya chombo chake, ikampa kijana ujira wa juma zima, na ikawapa wazazi furaha siku ya jubilei, haijamnyang'anya maskini kitu. Anasa inaanza pale kitu kinapowekwa ili kuonwa tu. Katika arusi ya Kana kulikuwa na mitungi sita ya mawe, iliyowekwa pale kwa ajili ya maji ya kutawadha. Ilipewa kazi mpya siku ile, na divai iliyotoka ndani yake haikupangwa mahali ikatazamwe. Ilimiminwa, ikapelekwa kwa wageni.

Basi, wapendwa, wenye mbao na wachonge, wenye haja na wanunue kwa haki. Vijana watakaohitaji kusaidiwa kuandika ile hati ya makubaliano na wenye vyombo wafike ofisi ya parokia. Makatibu wa jumuiya nao wanaweza kuwaandikia. Fundi akikuletea rafu na ukaipenda, mwulize mambo mawili kabla ya kuuliza bei: chombo hiki kilikuwa cha nani, na je, amelipwa?

Tunawatakia juma jema na amani katika familia zenu. Tuombeane.